Kontable Aliyeposa Depo Yangu

Hapa Kalemie, muntu akienda kununua mbuzi, anamufungua kinywa aone meno, anamupapasa mugongo, anamutembeza aone kama anachechemea. Muntu yule yule akitafuta kontable wa kumushikia mahesabu ya biashara, anaangalia viatu. Nasema hivyo kwa sababu viatu vyenyewe nimeviona. Viling'aa mpaka niliona kilemba changu ndani yake, na nikasema moyoni: huyu njo muntu.

Kazi yangu ni ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Nilianza na beseni kichwani baada ya mume wangu kufa, nikizunguka nyumba kwa nyumba, na wanawake wenzangu wakishika pua nikipita. Sasa niko na depo, ghala langu lililojengwa kwa matofali ya kuchoma karibu na bandari, yenye mulango wa chuma, na bati zake nilizinunua moja moja kama muntu anavyonunua sabuni. Wavuvi wananiletea ndagala wakavu, ninafunga mifuko, inapanda kamio au gari la moshi, inaenda kuliwa Nyunzu, Kabalo, mpaka Lubumbashi. Shule niliiacha kabla haijanizoea. Lakini watoto wangu wote wamesoma, na mujukuu wangu mukubwa anasomea udaktari, mutoto mwenye akili kali kuliko pilipili. Wote wametoka ndani ya ule mulango wa chuma. Wale walioshika pua, siku hizi wananiita Mama Patroni.

Mwaka mumoja watu wa lempo, ile kodi ya serikali, walituita wote wenye depo. Shefu wao mupya, kijana wa miwani, hakuzungusha maneno. Kila muntu alete deklarasyo, karatasi ya kusema yuko na nini na ameuza nini, iliyofanywa na muntu wa kazi hiyo. Asiyeleta, au anayeleta na halipi, mulango wake utatiwa munyororo.

Nikarudi nyumbani, nikamuambia shemeji yangu, mudogo wake marehemu mume wangu. Huyu njo mukubwa wa ukoo. Kazi yake ni hiyo, kuwa mukubwa wa ukoo. Nyingine sijamuona nayo.

"Shemeji," akaniambia, "kontable ataingia mpaka chumba cha ndani cha mali yako. Muntu wa namna hiyo haokotwi njiani. Anakuja posa, kama mukwe."

"Depo inaolewa?"

"Usicheke. Tutamuketisha, tutamulisha, tutamusikiliza. Ukoo utamuona."

Nilicheka, lakini niliona ana haki. Watu wengine wa hapa walichagua vibaya zaidi. Jirani yangu anayeuza vitenge alimuchukua kontable wake kwa sababu alilia vizuri kwenye matanga ya mama yake. Muuza mawese wa upande wa pili alimuchukua wake kwa sababu alikuwa na pikipiki nyekundu. Sisi angalau tulikuwa na utaratibu.

Basi tukafagia uwanja, tukaazima viti vya plastiki, tukatandika kitambaa chenye maua. Nilikaanga mikebuka, samaki wakubwa wa ziwa, nikapika wali wa nazi ya unga kutoka Kigoma. Shemeji alivaa kanzu yake ya Idi. Alikuwa amesikia majina mawili: bwana mumoja wa kuvaa kostime, suti kamili, na mwanamuke mumoja kijana mwenye biro, ofisi yake, karibu na gare ya gari la moshi. Bwana akaitwa asubuhi, mwanamuke akaitwa alasiri, wasikutane.

Bwana akafika na jua la saa tano, na vile viatu vyake vya kung'aa, amefunga kravate, tai yake, mpaka shingo imevimba. Akavua kofia, akatusalimia mumoja mumoja, akawataja marehemu wetu kama vile wamemuagiza salamu. Shemeji akapiga dua fupi. Ndipo akaanza kusifu.

Lazima nieleze. Kwenye posa, upande wa binti unamusifu binti. Hakuna anayesema binti yetu anakoroma. Unasema anaamka mapema, anapika, anaheshimu, hata kama jana alimurushia mama yake sufuria. Kila muntu anajua, mwenye kuposa anajua, na maneno yanapita kama manukato. Sasa shemeji alikuwa na binti wa matofali, akamusifu vilevile.

"Mama huyu unayemuona," akasema, "kamio zake mbili haziachi barabara ya Nyunzu."

Kamio ni za bwana mumoja wa Nyunzu. Ninazikodi. Lakini wote wa sokoni tunasema vile: kamio yangu imefika, kamio yangu imekwama kwa matope.

"Mitumbwi yake minne yenye motere iko ziwani usiku na muchana."

Mitumbwi ya wavuvi wanaoniuzia.

"Kule Zongwe yuko na depo ingine."

Zongwe kuna baraza ya binamu yangu. Mvua ikinyesha tunafukuza bata, tunaweka mifuko.

"Kule Pepa yuko na ng'ombe."

Ng'ombe alikuwepo, mumoja, nilimununua Pepa kwa ajili ya arusi ya binti yangu wa mwisho. Tulimula siku mbili.

"Na Lubumbashi yuko na nyumba."

Nyumba ile ndimo anamokaa kijana wangu, na kila mwezi mwenye nyumba anamugongea mulango. Nilitaka kukohoa. Halafu nikatazama uwanja wangu, viti, kitambaa, shemeji na kanzu yake, bwana na kravate yake, akinitazama kwa macho ya kunyenyekea, na nikaona mambo yote yale yananikaa vizuri. Sikukohoa. Nikasema: "Tunajitahidi."

Bwana hakuuliza neno. Alitikisa kichwa kwa kila ng'ombe na kila motere. Ndipo akasema yake, kwa Kifaransa kirefu, bila kupumua, na shemeji ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour akapiga makofi. Kisha bwana akatoa kashe yake, muhuri wa mupini wa mbao, wenye picha ya muzani na ndege wawili, akatugongea kwenye karatasi tupu ili tuone. Ukapita mukono kwa mukono kama mutoto muchanga. Mwishoni alikula mukebuka mpaka kichwa, akanyonya macho, akasema tangu mama yake afe hajakula samaki wa namna ile.

"Huyu ametoka kwa watu," shemeji akaninong'oneza.

Alasiri akaja mwanamuke. Sketi ya kawaida, kandambili za ngozi, mukoba wa begani. Nikamuwekea sahani.

"Asante, Mama. Sili kwa watu ninaowafanyia kazi."

Hapa kwetu, anayekataa chakula chako anasema moja ya mambo mawili: chakula ni kichafu, ama wewe ni muchawi. Shemeji akavuta sahani upande wake, akaanza kula yeye, kwa hasira.

"Binti, ukoo wako ni upi?" akamuuliza na wali mudomoni.

Akatoa kadi ya chama cha makontable wa inchi, yenye picha na namba. Shemeji akaigeuza nyuma na mbele, akatafuta ukoo, hakuuona. Basi akaanza tena sifa zake: kamio, mitumbwi, Zongwe, mpaka Lubumbashi.

"Kamio ziko na karatasi kwa jina la nani?" mwanamuke akauliza.

"Unasema?"

"Kamio, Papa. Zimeandikwa kwa jina la Mama?"

"Binti, hapa hatukuja kuchunguzana."

"Mimi njo kazi yangu. Na mitumbwi? Na nyumba ya Lubumbashi, nani anapokea pesa ya mupangaji?"

Nikamuambia: "Mwanangu, unaniona muongo?"

"Bado sijakuona, Mama. Nimemusikia Papa tu."

Kisha akataja bei yake, hivi hivi, mapema, kama anauza nyanya. Kwenye posa bei inakuja mwishoni, baada ya chai, na inasemwa na mujomba kwa mafumbo. Akaaga, akaenda, na mukebuka wake ukabaki unatutazama, maana hata shemeji alikuwa ameshiba.

"Hana adabu," shemeji akasema.

"Hana hata kidogo," nikasema mimi.

Hatukuhitaji kikao cha pili.

Bwana akafanya deklarasyo. Akaja kuisoma kwenye baraza yangu, amesimama, kwa Kifaransa chake na sauti ya muhubiri. Sikuelewa kitu zaidi ya jina langu, lakini jina langu lilikuwa na Madam mbele kila mara, na mimi ni nani wa kumukatiza? Nilisikiliza kama muntu anayesikiliza mutoto wake akisifiwa shuleni. Nikatia saini yangu, ambayo ni maua fulani. Akagonga kashe mara tatu, vikombe vikaruka. Nikamulipa, nikamuongezea mufuko wa ndagala juu ya malipo, na nikamusindikiza mpaka barabarani ili majirani waone.

Wiki zikapita. Halafu kijana wa lempo akaniletea karatasi ya kiasi ninachodaiwa. Ile hesabu ilikuwa na sifuri nyingi kama shanga za kiunoni. Nikamuuliza kama hakukosea njia, kama karatasi si ya kiwanda cha simenti.

"Ni yako, Mama Patroni. Lempo ya kamio mbili, ya motere nne, ya pesa za nyumba ya kupangisha Lubumbashi, na ya mauzo ya depo mbili. Ya ng'ombe, shefu amesema tutaongea baadaye."

Nilikaa juu ya mufuko. Ndipo nikaelewa bwana aliandika nini. Aliandika posa.

Nikaenda kwake na miguu. Nilimukuta amevaa singileti, kravate inaning'inia kwenye musumari.

"Papa Kontable, umenifanya nini?"

"Nimekuandika kwa heshima yako, Mama."

"Heshima haikuniomba kamio!"

"Watu wako walisema mbele yangu. Wewe mwenyewe ulisema munajitahidi. Ningemuita muzee wa kanzu muongo?"

"Ungeuliza!"

Akanitazama kama muntu aliyeumizwa kweli. "Mama, mimi nikuandike mwanamuke wa mifuko ya ndagala na kamio za kukodi? Watu wangesema nini juu yangu, kontable wako?"

Hapo nikajua kwamba bwana hakuwa mwizi. Afadhali angekuwa mwizi, mwizi anajua hesabu. Huyu alikuwa anavaa wateja wake kama anavyovaa viatu. Nikamuambia aende akafute. Akasema kufuta kunaharibu jina. Lake, si langu.

Siku ya kulipa ikapita. Watu wa lempo wakaja na munyororo na kipande cha karatasi ya gundi, wakafunga mulango wangu wa chuma mbele ya bandari nzima. Na ndani kulikuwa na mifuko ya kupeleka Lubumbashi, imepangwa mpaka juu, na mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Ndagala wakavu wanataka upepo. Ukiwafungia masika, wanalowa, wanaingia wadudu, na baada ya hapo hata kuku wa Kabalo hawatawala. Kila asubuhi nilisimama nje ya mulango wangu na kunusa kwenye tundu la kufuli kama muke anayemusubiri mulevi. Ada ya mujukuu wa udaktari ilikuwa mule. Yote ilikuwa mule.

Shemeji alitaka tuite ukoo tena. Nikamuambia ukoo ukae nyumbani.

Nikaenda biro ya karibu na gare. Mwanamuke alikuwa na muntu, akaniacha kwenye benchi na mimi ni mukubwa kuliko mama yake. Aliponiita nikamupa karatasi. Akasoma, na kwenye ng'ombe nikaona mudomo wake umecheza.

"Cheka tu," nikamuambia.

"Sicheki, Mama. Kipi kati ya hivi ni chako?"

"Depo. Ya hapa."

"Na vingine?"

"Vingine ni vya kusema."

Akaandika. Kisha akataja bei, na ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Imepanda?"

"Ile ya kwanza ilikuwa ya kuandika. Sasa ni kufuta na kuandika."

"Unanikomoa kwa sababu ya samaki."

"Samaki sijui alikuwa namna gani, Mama, sikumuonja. Kesho tunaenda kwa shefu. Lakini ni wewe utakayesema. Mimi siwezi kukukania mali, haunijui na sikujui. Useme kwa kinywa chako, na shemeji yako aje, maana yeye njo alitangaza."

"Mbele ya watu?"

"Biro ya lempo haina pazia."

Sikulala vizuri, sitaki kudanganya. Munyororo wa mulangoni unafunguka kwa funguo. Lakini mimi kwenda kusimama kwenye ile biro, saa ambayo wafanyabiashara wote wa bandari wamejipanga na karatasi zao, kusema sina, sina, sina, na wa kwanza kwenye musitari atakuwa yule mwanamuke wa depo ya mbele yangu, anayenichukia tangu tuko na mabeseni? Nilifikiria kuuza kila kitu na kulipa lempo ya kamio ambazo si zangu. Nakuambia kweli, nilifikiria. Kuna watu hapa wamefanya hivyo, na wamezikwa na heshima yao na deni lao pamoja.

Asubuhi nikafunga kilemba kizuri kuliko vyote, nikaenda.

Shefu wa miwani akaweka deklarasyo yangu mezani. Mwanamuke wangu akakaa pembeni, mikono kwenye mukoba.

"Mama, umeomba kusahihisha. Kamio mbili."

"Hakuna."

"Moja?"

"Hakuna."

Kwenye musitari muntu akasema, "Nusu je?" Wakacheka. Nikawageukia: "Nusu iko, ile iliyomukanyaga babu yako akili." Wakacheka zaidi, lakini upande wangu.

"Mitumbwi minne?"

"Ya wavuvi."

"Depo ya Zongwe?"

"Baraza. Ya bata."

"Nyumba ya Lubumbashi?"

"Kijana wangu ni mupangaji. Ukitaka lempo yake umutafute mwenye nyumba, na ukimukamata umuambie arekebishe choo."

"Ng'ombe wa Pepa?"

Yule ng'ombe aliniuma kuliko kamio. Arusi ile watu waliisema mwaka muzima.

"Tulimula," nikasema.

Shefu akaita shahidi. Shemeji akasogea, kanzu imepigwa pasi, kifua mbele. Nilimuona anatafuta neno "hakuna" kwenye kinywa chake na halipati, kama muntu anayetafuta jino lililong'oka.

"Papa, mitumbwi ilikuwa ya nani?"

"Mitumbwi..." Akatazama musitari wa watu. "Marehemu kaka yangu alikuwa na nia ya kuinunua."

Shefu akavua miwani. "Nia haina lempo, Papa."

"Basi uandike ni nia," shemeji akasema, na akakaa, ameridhika kabisa.

Watu wa lempo walikuja kuhakikisha siku ile ile. Munyororo ukaanguka. Ndani harufu ilitupiga uso. Mifuko ya chini, ile iliyogusa ukuta wa mvua, ilikuwa imekwisha. Ya juu ilikuwa salama. Shefu akauliza kama hii njo yote. Ulimi wangu ulianza kwenda wenyewe, kusema kwamba kwa kawaida, mwezi wa kawaida, inafika mpaka mulangoni. Mwanamuke akanitazama. Nikasema: "Njo yote."

Lempo mupya ilikuja ya kunitosha, na nililipa mwenyewe benki, nikachukua risiti. Kontable wangu nilimulipa pia, mpaka faranga ya mwisho, na sikumuongezea ndagala. Anakuja kila mwisho wa mwezi, anauliza maswali yanayoniudhi, anaondoka. Simupendi. Akichelewa siku moja, ninatuma muntu kumuuliza kama ni muzima.

Lakini mujini habari ilikuwa imetembea. Mama Patroni amefilisika, amekana mali yake yote mbele ya serikali. Jumapili, wanawake wa bandari wakaja nyumbani kwangu wamejifunga vitenge kiunoni, nyuso za matanga, kila mumoja na bakuli la unga wa muhogo. Yule wa depo ya mbele njo aliyetangulia, na yeye alikuwa analia. Kweli kabisa, machozi.

"Pole, dada. Mungu atakupa tena."

Shemeji akanivuta pembeni. "Warudishe! Uwaambie! Ukoo utaitwaje?"

Nikatazama ule unga. Ulikuwa unga muzuri, mweupe, uliochekechwa vizuri.

"Karibuni, mukae," nikawaambia. Nikapokea bakuli moja moja, nikamimina kwenye pipa, nikawarudishia bakuli zao na asante. Walipomaliza kunililia nikawauliza nani anataka ndagala wa mifuko ya juu, waliobaki wakavu, kabla sijawapeleka Lubumbashi. Wakanunua wote. Kwa bei ya kawaida.